Kaburi la Tarehe Tano

Merrylands, Sydney
13 Desemba 2020

Dada Jerusha,

Hujambo, na hao walio nyumbani wote hawajambo? Huku tuko salama. Nicole amefunga shule na amenipita kwa urefu; ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha anakujibu kwa Kiingereza. Raymond bado anaendesha lori la mboga. Mama yake, Mama Lau, amehamia kwetu tangu mzee wake afariki mwaka jana, na jikoni sasa nina bosi. Mimi niko palepale katika makao ya wazee, barakoa na kioo usoni shifti nzima. Mwaka huu korona haikuingia kwenye jengo letu. Wengine hawakubahatika.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mara mbili tulimaliza kwa kutukanana, na ya tatu ulinikatia. Barua haikatwi.

Jambo lenyewe ni kaburi la Mama. Kwao Raymond, Wachina wana kalenda mbili ndani ya moja. Ya mwezi ndiyo inayoleta mwaka wao mpya. Ya pili inafuata jua: mwaka unakatwa vipande ishirini na vinne, kila kimoja kama siku kumi na tano, na kila kimoja kina jina la majira. Kuna Wadudu Kuamka, kuna Mvua ya Nafaka, kuna Umande Mweupe. Hapa Sydney majina yote yamekaa kichwa chini. Baridi Kuu inaangukia Januari, lami ikiyeyuka barabarani. Kwa mboga zake nyuma ya nyumba, Mama Lau anageuza tarehe, anaongeza nusu mwaka. Kwa makaburi hageuzi. Nilimwuliza sababu, akasema, "Mboga ni za hapa. Mzee wangu ni wa kule."

Kipande kinachoitwa Qingming, yaani anga safi na angavu, ndicho cha kusafisha makaburi. Huja mwanzoni mwa Aprili. Kwao kaburi jipya halipitishwi Qingming yake ya kwanza bila kupaliliwa na watu wa nyumba. Mama alizikwa Mei, kwa hiyo ya kwanza yake ndiyo hii inayokuja.

Nataka kaburi lake lisafishwe siku hiyo, na wewe upige picha uitie kwenye bahasha. Sijaliona. Umeniambia kamera ya simu yako ni mbovu, ukaniambia mvua, ukaniambia saruji haijakauka. Saruji gani inayokauka miezi saba? Tarehe kamili nitakutumia ikishapatikana. Sitaki tena maelezo, nataka picha.

Mdogo wako,
Zilpah


Mbale, Vihiga
20 Januari 2021

Zilpah mdogo wangu,

Barua yako imenikuta mzima, imechelewa kama mgeni asiyealikwa. Shule zimefunguliwa baada ya karibu mwaka mzima. Watoto wa jirani wamerudi na sare zinazowafika magotini. Ng'ombe amezaa dume. Baba mdogo Enos anasumbuliwa na miguu, lakini mdomo wake mzima. Anakusalimu.

Nimesoma habari za Wachina wako mpaka mwisho. Sasa nisikilize. Mama alikuwa mshirika wa kanisa tangu kabla hujazaliwa. Hakuwahi kuangalia jua ili ajue siku ya kuwakumbuka wafu wake. Tena nimetazama kalenda yetu: Jumapili hiyo ya mwanzo wa Aprili ni Pasaka. Unataka niache ibada ya Pasaka nikafanye mambo ya mkweo? Wewe umeolewa kwao, fagia la kwao. La kwetu lina mwenyewe. Mimi ndiye ninayelala kwenye boma hili. Niliacha chumba changu cha Kangemi kule Nairobi na kazi yangu nikarudi hapa, na hakuna aliyeniuliza kama nilitaka.

Nyasi zikimea nitakata. Zisipomea nitaziacha. Huo ndio utaratibu wa huku.

Na mimi nina swali. Mama alipokufa nilikuuliza kama uliomba ruhusa ya serikali yenu kutoka nchini. Watu walikuwa wanaomba, wengine wakipewa, nilisikia redioni. Hukunijibu. Nilikuuliza tena Agosti, ukaniambia habari za mitihani ya Nicole. Nakuuliza mara ya tatu. Uliomba? Unajua mambo ya mbingu za China, hilo la hapa duniani huna jibu lake?

Msalimie Raymond.

Jerusha


Merrylands
24 Februari 2021

Dada Jerusha,

Natumaini ndama anaendelea kunyonya na miguu ya baba mdogo imepata nafuu. Kwetu hakuna jipya, ila Mama Lau amegombana na mwenye duka. Kila mwaka hununua kitabu cha kalenda kinachochapwa Hong Kong, ndicho chenye tarehe zote za majira. Mwaka huu shehena haijafika; makontena yamekwama. Mwenye duka alimwambia atazame kwenye simu. Alimjibu hivi, na nilikuwepo: "Simu yangu ilisema leo mvua. Unaiona mvua?"

Basi tumepiga hesabu wenyewe mezani. Kipimo ni jua; mwaka wa jua hauishii kwenye siku kamili, una kama saa sita za ziada. Kwa hiyo unachukua saa ya mwaka jana, unaongeza saa sita kasoro kidogo. Inakuja tarehe nne Aprili, saa tatu na nusu usiku, kwa saa za China. Sydney iko mbele ya China kwa saa tatu. Ukiongeza, unavuka usiku wa manane. Kwa hiyo Qingming yetu mwaka huu ni Jumatatu, tarehe tano Aprili.

Sasa kisingizio chako cha Pasaka kimekwisha. Jumapili uwe kanisani kutwa. Jumatatu ni sikukuu, huna kazi, chukua jembe. Na kwa kuwa umenitajia Pasaka: na hiyo inatafutwa kwa jua na mwezi, ndiyo maana kila mwaka inahama. Mwulize mchungaji wako. Usinifanye mimi mpagani kwa sababu ya kuhesabu.

Umeandika kwamba kaburi lina mwenyewe. Mama alizaa watoto wawili. Sikuja kumzika, najua. Sitaki kufa kabla sijaona picha ya mahali alipolala. Tarehe tano, Jerusha. Ukiileta ya tarehe nyingine nitajua, maana nitampigia mtu aje atazame.

Zilpah


Mbale
6 Aprili 2021

Mpenzi mdogo wangu Zilpah,

Pokea salamu za Pasaka kutoka kwangu, kwa baba mdogo na kwa ukoo wote. Ibada ya Jumapili ilikuwa nzuri sana, tulikaa kwa kuachana nafasi, tukaimba ndani ya barakoa. Nairobi na kaunti za jirani zimefungwa tena, ila huku kwetu makanisa yako wazi. Mvua imeanza vizuri. Mahindi yametoka.

Barua yako ilifika Alhamisi, kwa bahati. Nimekaa nikafikiri, nikaona hakuna haja ya sisi wawili kugombana juu ya Mama. Jana Jumatatu, tarehe tano kama ulivyoandika, nilikwenda na vijana wawili tukapalilia vizuri, tukainua udongo uliokuwa umekaa chini kwa mvua. Picha ndiyo hii. Mpiga picha alitoka sokoni na kamera yake. Unaona lilivyo jirani na la Baba, na unaona maua. Mama angefurahi.

Saruji ya kwanza ilipasuka nikaiondoa; nyingine nitaweka Mungu akijalia. Naomba sasa tuyaache haya.

Busu kwa Nicole. Na mkweo mwambie asante kwa hesabu zake.

Dada yako akupendaye,
Jerusha


Merrylands
9 Mei 2021

Jerusha,

Nicole hajambo. Raymond hajambo. Mama Lau hajambo. Salamu zimekwisha.

Hesabu yetu ilikuwa na kosa. Huku saa husogezwa mbele majira ya joto, kisha hurudishwa. Tofauti ya saa tatu na China ni ya joto tu. Mwaka huu saa zilirudishwa alfajiri ya tarehe nne Aprili, siku ileile. Tangu hapo tofauti ni saa mbili. Saa tatu na nusu usiku ya China ilikuwa saa tano na nusu usiku ya Sydney, bado tarehe nne. Kosa nililigundua mwisho wa Machi, nilipoiona ratiba ya shifti za kazini imeandikwa saa moja ya ziada kwa wale wa usiku. Nilimwonyesha Mama Lau. Alitukana serikali inayohamisha saa, kisha akakubali. Sisi tulikwenda makaburi ya Rookwood kwa mzee wake Jumapili.

Barua isingekuwahi. Kwa hiyo nilimpigia Bruno, mtoto wa shangazi, kule Eldoret. Alikuwa na safari ya Kisumu na lori. Nilimwomba apite nyumbani Jumapili hiyo, akuambie tarehe imebadilika, na aweke maua kwa niaba yangu. Simu yako hakuipata, ulikuwa kanisani. Akaingia bomani mwenyewe.

Alikuta kaburi moja. La Baba. Pembeni yake palikuwa na nyasi na mbuzi amefungwa kamba. Alizunguka boma zima. Kisha akamwuliza jirani yako, Mama Aketch, aliyekuwa anaanika mahindi: "Mama yake Jerusha amelazwa wapi?" Akajibiwa: "Hapa? Huyo si alibaki Nairobi?"

Bruno hakujua afanye nini na maua. Aliyaweka kwa Baba, akaendelea na safari.

Alinipigia siku hiyohiyo. Kwa hiyo nilijua kabla ya Jumatatu yako. Nilikaa kimya makusudi. Nilisubiri bahasha ifike, nione utaandika nini. Ilifika juzi. Umeandika "tukainua udongo uliokuwa umekaa chini". Umeandika "Mama angefurahi".

Yale maua meupe juu ya tuta lako ni ya Bruno. Aliyanunua Eldoret. Karatasi ya duka bado imeyafunga, inaonekana kwenye picha. Uliyatoa kwa Baba ukayapanga juu ya udongo mtupu.

Sijui kama kuna neno la mtu anayelima kaburi la uongo kando ya baba yake Jumatatu ya Pasaka, akaita na mpiga picha. Kijiji kizima kilijua isipokuwa mimi. Mbuzi alijua.

Mama yuko wapi?

Zilpah


Mbale
30 Julai 2021

Zilpah,

Nimekawia kwa sababu mbili. Ya kwanza, kaunti yetu ilikuwa imebanwa na korona na posta ilifunguliwa siku ilipotaka. Ya pili, nilianza barua hii mara nyingi nikaichana. Ndama tumemuuza. Baba mdogo bado yupo. Nasikia na ninyi mmefungiwa ndani sasa. Basi una muda wa kusoma.

Mama alikuja kwangu Kangemi mwezi wa Februari, kwa ajili ya kile kidonda cha mguu. Aprili Nairobi ikafungwa. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Mei akapata homa na kifua. Nilimpeleka hospitali kwa pikipiki, mimi nyuma nimemshika. Walimwingiza mlango mmoja, mimi nikazuiwa mwingine. Usiku wa pili akafa. Hayo unayajua.

Usiyoyajua ni haya. Walisema kibali cha kusafirisha mwili kipo, watu wachache, gari moja, na kaburi liwe tayari. Nikampigia baba mdogo Enos achimbishe. Akasema, "Mwili huo usivuke njia panda ya Chavakali." Nikamwambia majibu ya vipimo bado. Akasema, "Kwani wewe daktari? Vijana wamekaa langoni na mawe. Ukija naye utaondoka naye." Nilimlilia, Zilpah. Mimi, unanijua. Akasema ana watoto wa kuwaangalia.

Hospitali ilinipa mpaka kesho yake adhuhuri. Nilitia sahihi. Walimpeleka makaburi ya umma na wengine waliokuwa kwenye gari lilelile. Mimi nilitakiwa nikae ndani kwa kuwa nilimgusa. Sikukaa. Nilisimama nje ya ua wa waya nikatazama watu wenye nguo nyeupe. Kutoka pale masanduku yote yanafanana. Sikujua lipi ni la Mama.

Majibu yalitoka siku nne baadaye. Hakuwa na korona. Nilimpigia Enos nikamwambia. Akasema, "Aa. Pole basi."

Wewe ulinipigia siku ya mazishi ukiwa kwenye mapumziko ya chai. Ulisema una dakika chache. Uliniuliza swali moja tu: "Yuko karibu na Baba?" Nikasema yuko. Ukasema, "Afadhali." Ukakata.

Nilingoja upige tena uniulize ilikuwaje. Ulipopiga, baada ya wiki mbili, uliuliza kama nimeweka saruji.

Ulitaka picha, nikakupa picha. Ulitaka tarehe, nikakupa tarehe. Nani aliyeuliza kama nilikuwa peke yangu? Vijana wale wawili walinicheka nilipowaambia wainue tuta mahali pasipo na mtu. Nililima nao nikiwa nimevaa nguo ya kanisani, kwa sababu mpiga picha alikuwa njiani. Unadhani nilifurahi?

Sasa jibu langu liko mbele yako. Lako liko wapi? Uliomba ruhusa, au hukuomba?

Jerusha


Merrylands
12 Septemba 2021

Dada Jerusha,

Tuko hai. Mtaa wetu ni kati ya ile iliyofungwa kwa ukali zaidi. Wanajeshi wanapita kugonga milango, helikopta inazunguka hadi Nicole ameacha kuinua macho. Mimi natoka kwa kibali cha kazi na kupimwa pua kila baada ya siku tatu. Wazee wawili kwenye jengo letu wamekufa wiki hii. Niliwafunika mwenyewe. Ndugu zao waliaga kwenye simu niliyoishika mimi.

Nimeisoma barua yako. Nilimpigia Enos.

Nilisema, "Baba mdogo, ni Zilpah wa Sydney." Akafurahi. Akaniuliza habari za kangaruu. Nikamwambia nataka kujua nani aliwapa vijana mawe. Akasema, "Mwanangu, wakati ule kila mtu aliogopa." Nikasema, "Sawa. Majibu yalipotoka, uliogopa nini? Na mwaka mzima ulipokuwa unanitumia salamu kupitia kwa Jerusha, uliogopa nini?" Akaanza, "Halo? Halo? Mtandao unasumbua." Mtandao ulikuwa safi, Jerusha. Nilisikia kuku wake.

Hasira yangu kwake haijapunguza yangu kwako hata kidogo. Ulikuwa na mwaka mzima wa kuniambia. Ningelia, ningekutukana, kisha tungejua wote wawili mama yetu yuko wapi. Badala yake nimekaa huku nikimwambia Nicole kwamba bibi amelala kando ya babu chini ya nyasi. Amechora na picha. Imo kwenye mlango wa friji.

Mama Lau nilimweleza yote, kwa kuwa aliniuliza mbona nakata kitunguu kwa hasira. Alisikiliza, akataka kuiona ile picha yako, akaisogeza karibu na macho. Akasema, "Alijenga kaburi kwa siku moja? Mwambie aje anitengenezee ua wa nyuma." Raymond aliondoka mezani. Mimi nilicheka, na nilijichukia kwa kucheka. Kisha akauliza, "Huyo wa Nairobi, yuko safu ya ngapi?" Nikamwambia sijui. Akaniangalia kama mtu aliyekuja dukani bila pesa.

Kwa hiyo nakutaka mambo mawili. Lile tuta livunje, lisilale mvua nyingine kando ya Baba. Na uende Nairobi, uingie ndani ya ule ua wa waya, ujue ni wapi.

Swali lako la ruhusa nimelisoma.

Zilpah


Mbale
10 Januari 2022

Zilpah,

Heri ya mwaka mpya kwa Nicole na Raymond, na kwa bosi wa jikoni. Mwambie ua wake nitautengeneza akinilipia ndege.

Tuta nimelivunja. Nilianza asubuhi, peke yangu. Baba mdogo akaja na fimbo yake akasimama. "Jerusha, unafukua nini? Watu watasema nini?" Nikamwambia, "Washike jembe, waseme wakilima." Hakushika. Alikaa juu ya jiwe mpaka nilipomaliza, akaondoka bila kuaga. Mahali pale sasa nimepanda sukuma wiki. Ukiona vibaya, shauri yako.

Nairobi nilikwenda juma lililopita. Mlinzi wa makaburi ni mtu mzima, hana haraka. Vibao walivyochomeka vilikuwa vya mbao. Vingine vimeoza, vingine vimekwenda kupikia chai. Nilimpa jina na siku. Aliniambia, "Mama, hao wa wakati ule hatukuwaandika mmoja mmoja. Mei ile ni safu hii, na hiyo ya nyuma yake." Akanionyesha kwa kidole, akarudi kibandani.

Magugu yalinifika kiunoni. Nilikuwa na jembe moja la kuazima. Nilisimama pale kitambo nikajaribu kukumbuka nilisimama wapi siku ile, nje ya waya, na gari liligeukia upande gani. Haisaidii. Wamehamisha hata lango.

Nikaamua kupalilia safu nzima, kila mmoja, kwa kuwa mmoja wao huenda ni yeye. Watu wawili waliopita waliniuliza nalipwa kiasi gani. Safu ya kwanza niliimaliza jua likiwa limeanza kupoa. Ya pili nilifika katikati, mikono ikakataa. Sitakudanganya, niliiacha hapo. Nusu yake bado ni pori, na huenda yuko katika nusu hiyo.

Picha sikupiga. Usiniombe.

Kuhusu lile swali langu, nimechoka kuliuliza. Ninalijua jibu tangu Mei ile: hukuomba. Nilitaka uliseme wewe.

Jerusha


Merrylands
14 Februari 2022

Dada Jerusha,

Salamu. Nicole ameanza kidato kipya. Raymond atabaki naye. Mipaka imefunguliwa, na makao yamenipa likizo, baada ya kuniambia mara tatu kwamba hawana mtu wa kunishikia.

Kitabu cha kalenda cha mwaka huu kimefika. Qingming inaingia saa tisa na dakika ishirini za usiku kwa saa za China, kuamkia tarehe tano Aprili. Kwa Sydney ni alfajiri ya tarehe hiyohiyo tano. Mama Lau ameniandikia "tano" kwenye karatasi, akaigonga kwa kidole. Nilimwambia Kenya iko nyuma ya China kwa saa tano. Kule itakuwa bado ni saa nne na dakika ishirini usiku, tarehe nne, Jumatatu. Akasema siku huhesabiwa na anayefagia. Nikamwambia anayefagia atakuwa Nairobi, na anayefagiliwa yuko Nairobi. Tulibishana mpaka wali ukaungua. Mwishowe aliifuta tano, akaandika nne.

Nafika Jumapili tarehe tatu. Usije uwanja wa ndege. Sijui nitakuambia nini mbele ya watu, na wewe unajua mdomo wangu. Sijakusamehe. Sitegemei kwamba wewe umenisamehe.

Jumatatu asubuhi nikute kwenye nusu ya ile safu ya pili. Na jembe moja halitatutosha.

Zilpah